Mtoto na jua hawapikiki chungu kimoja: dalili, chanzo, na wapi uache kujaribu mwenyewe

Maswali ya wazazi kuhusu watoto wanaodhurika na jua ni yale yale yanazunguka, mwanangu ana madoa usoni, mwanangu hafungui macho akitoka nje, mwanangu ana kidonda puani zahanati wameshampa dawa ya tyubu mpaka tumechoka. Kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua, ila hiki kipande cha mwanzo usikiruke maana bila hicho mengine hayaeleweki.

Jua lina mionzi ya UV, huioni kwa macho na wala huisikii kama joto, na kila siku inaharibu DNA ndani ya seli za ngozi ya kila mtu, wewe, mimi, mvuvi, bibi anayeanika mihogo. Sisi tumesalimika kwa sababu seli zetu zina protini za ukarabati, zinapita juu ya DNA, zikikuta pameharibika zinakata kipande kibovu na kujaza kipya. Sasa kuna watoto wanazaliwa moja ya protini hizo haifanyi kazi. Ni sawa na mtaa ambao mashimo ya barabara hayazibwi, mvua inayonyesha ni ile ile ya mitaa mingine ila baada ya muda huko hakupitiki. Ugonjwa unaojulikana zaidi kwenye kundi hili ni zeroderma pigmentosamu, tuuite XP kama madaktari wanavyouita. Wa kwanza kuuandika ni madaktari Hebra na Kaposi huko Vienna miaka ya 1870, ndio, Kaposi huyo huyo ambaye jina lake huku tunalijua kwa ile saratani nyingine. Chanzo hakikujulikana mpaka 1968, mtafiti James Cleaver kule California alipoonyesha kwamba seli za wagonjwa hawa zikipigwa UV zinashindwa kujikarabati. Leo zinajulikana jeni 8, yoyote kati ya hizo ikiharibika inaleta XP. Ina ndugu zake pia, Cockayne na trikothiodistrofi, tutakutana nao huko chini.

Ni ugonjwa wa kurithi kimyakimya. Baba kabeba nakala moja mbovu, mama kabeba moja, wote wazima wa afya hawajui kitu, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mwenye ugonjwa. Hakuna aliyerogwa, na mama hakula kitu kibaya akiwa mjamzito. Nalisema mapema kwa sababu nyumba nyingi mama ndiye anabebeshwa lawama wakati hesabu inaonyesha wazi kwamba imetoka pande zote mbili.

Na hili ndilo naomba likae kichwani: huku kwetu usisubiri mtoto aungue. Maelezo mengi yameandikwa Ulaya, yanaanza na mtoto mweupe aliyebabuka kwa dakika chache za jua, na kweli nusu hivi au zaidi ya wenye XP wanababuka hivyo, lakini waliobaki hawababuki kabisa, wanapata madoa tu taratibu. Mayotte, hapo hapo kwenye visiwa vya Komoro, utafiti uliochapishwa 2011 ulikuta XP kwa kiwango cha kama mtu mmoja kati ya 5,000, wakati Ulaya na Marekani wanazungumzia mmoja kwa milioni, na wagonjwa wa Mayotte walikuwa watu weusi, jeni iliyoharibika ni ile inayoitwa XPC. Hitilafu hiyo hiyo imekutwa pia kwa familia za watu weusi Afrika Kusini. Na XPC ni moja ya zile aina ambazo mtoto haungui! Anacheza juani kutwa, anarudi mzima, kila mtu anaona ngozi yake imara, kumbe ndani mashimo yanaongezeka. Ndio maana wale wanaobabuka mapema mara nyingi wana afadhali upande wa saratani, wazazi wao wanashtuka na kuwafunika tangu wachanga.

DALILI YA 1: Madoadoa usoni na mikononi

Nianze na yanayotokea sana. Mara nyingi madoa ya mtoto ni fangasi, ukurutu, au makovu ya kuumwa na mbu na viroboto, hayo yanakuja yanaondoka, na utayakuta mpaka sehemu zinazofunikwa na nguo. Pili ni vipodozi, mama anajipaka mkorogo afu anambeba mtoto, au anampaka mtoto krimu yenye steroidi kwa sababu "inamng'arisha", ngozi inakuwa nyembamba na kutoka mabaka. Tatu ni ualbino, hapo mtoto amezaliwa na nywele na ngozi nyeupe na mara nyingi macho yanachezacheza, madoa ya jua yanamjia baadaye. Mwenye XP kazaliwa na rangi ya wazazi wake kabisa, mabadiliko yanakuja jua linavyompiga. Nne ndio XP yenyewe.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Mvue mtoto nguo zote mchana penye mwanga, ndani, na uangalie mpaka wa kola na mpaka wa mkono wa shati. Madoa ya XP yanaanzia usoni, shingoni, mikononi na migongo ya viganja, yakifika pale nguo inapoanzia yanapungua au yanakoma kabisa, makalioni na kwapani ngozi ni safi kama siku aliyozaliwa. Angalia pia kama kuna vidoa vyeusi na vyeupe vimechanganyika mahali pamoja na ngozi imekauka, yaani mtoto wa miaka mitatu ana shingo ya mzee aliyelima maisha yake yote. Kisha fungua picha za simu tangu akiwa mchanga uone yalianza lini. Kwa XP mara nyingi yanaonekana kabla hajafikisha miaka 2.

Simama hapa: mtoto mweusi mwenye vidoa vya hivyo chini ya miaka 2, sehemu za wazi tu, hilo si la duka la dawa, ni la daktari wa ngozi. Usikubali mtu amsugue, amchubue wala ampake cha kung'arisha. Na kumfunika anza siku hiyo hiyo, majibu yatakuja baadaye, kama si XP hujapoteza chochote.

DALILI YA 2: Anababuka au anavimba baada ya jua kidogo

Hapa chunguza dawa kwanza. Doksi, septrini na baadhi ya dawa za presha zinafanya ngozi ya mtu yeyote iungue haraka, kwa hiyo jiulize wiki zilizopita ametumia nini. Baadae angalia ndimu na limao, maji yake yakigusa ngozi kisha jua likapiga yanaacha malengelenge na michirizi myeusi, kuna watu wanampaka mtoto ndimu kwa ajili ya upele afu wanashangaa. Halafu chakula: anayekula ugali wa mahindi peke yake kwa muda mrefu anaweza kupata pelagra, ngozi inabadilika shingoni mzunguko mzima na mikononi, na tumbo linaharisha. Kwa wasichana wakubwa fikiria lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na VVU nayo inaweza kuleta ngozi isiyopatana na jua. Hayo yote yakishatoka ndio unafika kwenye XP, Cockayne na trikothiodistrofi.

Kitu kinachowapoteza wazazi wengi ni siku. Kuungua kwa kawaida kunafikia kilele ndani ya siku moja hivi, kuungua kwa XP kunachelewa, kunaendelea kukolea siku ya pili, ya tatu, wakati mwingine zaidi, na kunaweza kuchukua wiki kuisha. Mama anasema "lakini jana alikuwa ndani siku nzima", ni kweli, ila jua lenyewe lilikuwa la Jumapili kanisani na leo ni Jumatano. Ukiona amebabuka rudi nyuma siku nne uandike alikuwa wapi.

Kuna mwingine tofauti kidogo, mtoto anayelia kwa maumivu ya mikono na uso dakika chache tu baada ya kutoka, anatumbukiza mikono kwenye maji baridi, na ukimwangalia huoni alama. Huyo anaweza kuwa na aina ya ugonjwa uitwao pofiria, huo unachochewa na mwanga wa kawaida unaoonekana, mwanga huo unapita hata kwenye kioo na losheni za jua za kawaida hazimsaidii. Mwambie daktari hivyo hivyo, "analia kabla sijaona alama", ni maneno yanayompa njia.

Nyumbani poza kwa maji safi ya baridi na kitambaa kilaini, mpe maji mengi anywe. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, hapana. Akiwa na malengelenge makubwa, homa, macho yamevimba hayafunguki, hanyonyi, au ni mchanga, peleka hospitali siku hiyo.

DALILI YA 3: Hafungui macho mwangani

Sababu ya kwanza huku ni mzio wa macho, watoto wengi mno wanao, macho yanawasha, yanatoa uteute wa kuvutika, anayasugua. Kuna trakoma kwa baadhi ya maeneo, kuna ualbino, kuna upungufu wa vitamini A. XP inaingia pale macho mekundu yanapotembea pamoja na madoa ya ngozi. Mionzi ya UV inaishia sehemu ya mbele ya jicho, kwa hiyo kinachoumia ni kope, ule weupe na kioo cha jicho, kope zinanyonyoka, kope la chini linageuka nje, kioo kinaota ukungu, na nyama inaweza kuota juu ya jicho. Kwa Cockayne mambo ni mengine, huko hata retina ya nyuma inakufa taratibu na mtoto wa jicho anaweza kuja utotoni.

Cha kufanya mwenyewe: kofia pana, miwani inayoziba mpaka pembeni na imeandikwa inazuia UV mpaka 400. Giza la lensi sio kinga jamani. Miwani nyeusi ya barabarani isiyozuia UV inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, gizani mboni inapanuka na kupokea mionzi zaidi. Mwenye duka la miwani aliye na kipimo anaweza kukupimia kwa dakika moja.

Simama: usimnunulie matone yenye steroidi dukani hata kama yalimsaidia mtoto wa jirani, yakitumika bila kufuatiliwa yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Maziwa ya mama, majani, asali, visiingie machoni. Na ukiona doa jeupe kwenye kioo, nyama inayokua, au ameacha kuona vizuri, hiyo ni kliniki ya macho wiki hii hii.

DALILI YA 4: "Tunamkinga kwa kila kitu lakini madoa yanaongezeka"

Hili ndilo linaumiza watu zaidi, na ni mahali ambapo kutafuta kunalipa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chanzo namba moja ni losheni kidogo. Ile SPF kwenye kopo, yaani namba ya kiwango cha kinga, inapimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu wengi wanapaka robo au nusu ya hiyo kwa sababu ni ghali na inaacha weupe. Kwa mtu mzima uso na shingo peke yake vinataka mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, mwili mzima ni kama mililita 30 na kitu. Maana yake kopo la mililita 100 linalokaa miezi minne nyumbani halimkingi mtu. Piga hesabu hiyo kwanza kabla ya kulalamikia kampuni. Ipakwe robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila akitoka jasho au kunawa. Masikio, nyuma ya shingo, mistari ya nywele na juu ya nyayo husahaulika, na midomo inataka yake yenye SPF.

Cha pili ni aina. UV ya jua ina aina mbili, UVA na UVB. SPF inakuambia zaidi kuhusu UVB, hao ndio waunguzaji, wakati UVA inazama ndani zaidi. Tafuta iliyoandikwa inazuia zote mbili. SPF 30 inakata kama asilimia 97 ya UVB, 50 inakata kama 98, kwa hiyo usife njaa kwa ajili ya 100, bora 30 ya kutosha kupaka vizuri. Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi, kuna losheni ya Kilisun inayotengenezwa kwa ajili ya wenye ualbino, na kliniki zao zimeshazoea kofia, losheni na mikono mirefu kuliko mtu yeyote mwingine nchini, kwa hiyo mwenye XP aende akaulize pale pale bila aibu, mahitaji ya ngozi yanafanana. Angalia pia tarehe ya mwisho, na kama kopo lilikaa juani au kwenye bajaji siku nzima lile limeshachoka.

Cha tatu ni kioo. Dirisha la kawaida linazuia UVB nyingi ila UVA inapita, mtoto amekaa dirishani darasani au kwenye siti ya pembeni ya daladala anapigwa, na wewe unajua yuko ndani. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka mbili zimegandishwa kinakata karibu yote, vya pembeni mara nyingi ni hadithi nyingine. Tinti nyeusi peke yake sio dawa, kuna tinti isiyo na rangi kabisa inayozuia asilimia 99 na kuna nyeusi tii isiyozuia kitu cha maana, uliza kuhusu UV na sio weusi. Kama huna hela ya tinti, pazia zito la rangi ya kiza linafanya kazi kubwa.

Cha nne ni imani ya baridi na mawingu. Mionzi hii haihusiani na joto. Wingu jepesi linapitisha sehemu kubwa yake, na kadiri unavyopanda juu inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Nairobi, Mbeya au Arusha asubuhi ya ubaridi mtoto amevaa sweta na uso uko wazi, hapo hapo anaumia. Kivuli cha mwembe kinapunguza joto sana na UV kwa kiasi tu, kwa sababu inatawanyika angani na kuja kutoka pembeni, na mchanga mweupe wa ufukweni unairudisha kwa chini kuingia ndani ya kofia. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndio kali, ila kwa mwenye XP mwanga wowote wa mchana unahesabika.

Cha tano ni nguo. Fulana nyembamba nyeupe, hasa ikilowa, na kanga iliyofuliwa mpaka imechakaa, zinapitisha. Inyooshe mbele ya taa, ukiona vidole vyako kwa upande wa pili na mionzi inaona. Jinzi, kitenge kizito, rangi za kiza, zina kinga nzuri. Watoto wengine wanavaa kofia yenye kioo maalum cha plastiki mbele kinachozuia UV uso mzima, mwanzoni watu watashangaa, wakizoea watanyamaza.

Cha sita, na hiki hakitajwi sana, ni UV isiyotoka kwenye jua. Fundi wa kuchomelea vyuma pale kona, cheche zake zina UV kali kabisa, mtoto asipite wala kusimama kutazama. Kile kitaa cha bluu cha kukagulia noti kwa wakala. Taa ya kukaushia kucha za jeli saluni. Taa za kuulia vijidudu kwenye baadhi ya hospitali na mashine za maji. Taa za haloji na tyubu za zamani zinatoa kidogo, kidogo lakini kwa masaa mengi karibu na uso, badilisha uweke LED, siku hizi bei zake sio tatizo. Ukipata kimita cha UV cha mkononi zunguka nacho nyumbani na darasani, kinamaliza ubishi wa familia haraka sana.

Na shule. Mstarini saa mbili asubuhi, mchakamchaka, kufagia uwanja, michezo, hapo ndipo yale masaa yanapopotelea. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya daktari, omba sare ya mikono mirefu, kofia mpaka uwanjani, akae mbali na dirisha, na kazi zake za usafi ziwe za ndani. Sema "akipigwa jua anapata saratani", usiseme "ana mzio wa jua", kwa mzio watamwambia avumilie.

Mkishafunika hivyo mtoto anakosa vitamini D, hilo ni hakika, dagaa na mayai vinasaidia ila mara nyingi hazitoshi, apimwe na apewe kipimo cha dawa na daktari. Na nyumbani kwake asivutiwe sigara, moshi wa tumbaku unaharibu DNA kwa namna ambayo inahitaji ukarabati ule ule alioukosa.

DALILI YA 5: Kidonda kisichopona, kinyama kinachoota, doa linalobadilika

Kuna vidonda vya kawaida, jipu, pua iliyokwaruzwa, herpesi ya mdomo. Vinapona ndani ya wiki mbili tatu. Kwa mtoto mwenye XP au mwenye madoa ya namna ile, chochote kisichopona kwa wiki nne, kinachotoka damu kisha kukauka kisha kutoka tena, kigumu ukibonyeza, au doa jeusi linalokua na kingo zake hazieleweki, chukulia ni saratani mpaka maabara iseme hapana. Sio kutisha watu. Wagonjwa waliofuatiliwa na NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, kati ya 1971 na 2009, nusu ya waliopata saratani za ngozi za kawaida walipata ya kwanza kabla au wakiwa na miaka 9, wakati kwa watu wengine ni ugonjwa wa uzeeni. Chini ya miaka 20 hatari ni mara 10,000 ya mtu mwingine. Angalia pua, mdomo wa chini, kope, masikio, na mwambie atoe ulimi, ncha ya ulimi nayo inapata.

Kazi yako hapa ni moja tu, kuona mapema. Kila mwezi piga picha za uso, mikono na mgongo kwa simu, weka sarafu pembeni ya doa ili ukubwa uonekane, na kila baada ya miezi mitatu hivi daktari wa ngozi amkague mwili mzima.

Hapa hakuna cha kujaribu nyumbani, hakuna. Usikate, usichome, usifunge uzi, usipake tindikali wala zile dawa za "kukausha". Kikatwe hospitalini na kipande kiende maabara, na usiondoke bila kujua lini majibu yatatoka, vipande vingi vinapotelea hapo. Kikitolewa kikiwa kidogo mara nyingi kinaisha. Daktari anaweza kutumia krimu ya florourasili au imikwimodi kwa madoa ya awali. Ikishakuwa kubwa ni rufaa, kwa Tanzania hospitali ya saratani ya Ocean Road na KCMC wanajua njia, na kabla ya mionzi ya tiba au dawa za saratani waambie wazi ni XP, mionzi wengi wanaivumilia kama wengine ila wanaanza kwa tahadhari, na dawa kama sisplatini zimewahi kuwaletea madhara makali mno.

DALILI YA 6: Hasikii vizuri, anajikwaa, hakui

Masikio yenye usaha na nta ndio sababu ya kawaida, anza na hizo. Lakini kama robo hivi ya wenye XP wanapata shida ya mishipa ya fahamu, usikivu unashuka, baadae kutembea kunayumba, kumeza kunakuwa kugumu, darasani anarudi nyuma. Muite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, ukiona anajibu upande mmoja tu au hajibu, apimwe usikivu. Apimwe hata kama yuko sawa, kila mwaka.

Kama mtoto hana madoa wala saratani ila anababuka na jua, amedumaa, kichwa kidogo, macho yameingia ndani, mwili umekonda unaona mifupa, anapoteza usikivu, fikiria Cockayne, ambayo daktari Cockayne aliielezea London 1936. Kwa ajabu yake hao hawapati saratani za ngozi. Na kama nywele zake ni fupi, kavu, zinakatika zenyewe ukizishika, hiyo inaelekea trikothiodistrofi, nywele zimepungukiwa salfa, chini ya darubini maalum zinaonyesha milia ya kupishana.

Onyo kubwa: mtoto mwenye Cockayne, au anayehisiwa kuwa nayo, ASIPEWE FLAJILI. Metronidazo imeripotiwa kuwaua watoto hao kwa ini kufeli ghafla. Huku kwetu akiharisha tu mtu anakimbilia flajili dukani, kwa hiyo mwambie bibi, dada wa kazi, mwenye duka, kila mtu. Kama alishapewa na sasa macho yana manjano, anatapika, amelegea, ni dharura, usingoje asubuhi.

DALILI YA 7: "Kila hospitali wanasema mzio"

Wahudumu wengi hawajawahi kuona XP, wamemuona mwenye mzio wa ngozi asubuhi hiyo hiyo. Usigombane. Beba picha za tangu uchanga, onyesha mpaka wa kola, taja kama wazazi ni ndugu, kwa mfano mtoto wa ami au mjomba, maana ndoa za namna hiyo zinaongeza nafasi, na taja kama kuna ndugu yake aliyefariki na vidonda vya uso. Kisha omba rufaa ya daktari wa ngozi ukitaja zeroderma pigmentosamu kwa jina. Daktari mzoefu anaweza kuwa na uhakika mkubwa kwa kumtazama tu. Uthibitisho ni kipimo cha jeni kwa damu, au kipande cha ngozi kinachooteshwa maabara na kupigwa UV kuona kama seli zinajikarabati, mara nyingi sampuli inasafirishwa nje. Ukikosa hela ya kipimo usisimamishe kinga, matibabu ya kila siku ni yale yale.

Jeni ikishajulikana ndipo mnaweza kuongea na daktari kuhusu mimba ijayo, na ndugu zake wadogo wakaguliwe hata kama wanaonekana safi.

Mwisho chukua kipande cha karatasi ukibandike ndani ya jalada la kadi yake ya kliniki, kwa maandishi makubwa: jina la ugonjwa, asitibiwe ngozi kwa taa za UV, flajili marufuku kama ni Cockayne, dawa yoyote inayoongeza kuungua na jua iulizwe kwanza, na namba ya simu ya daktari wake. Na nakala moja kaa nayo kwenye simu, kadi zinalowa.